Jinsi Mfumo Endeshi Huria Unavyolindwa

Mfumo endeshi ndio programu mama ya kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaoongoza diski na kibodi, unaoruhusu programu nyingine zifanye kazi, na unaoamua nani asome faili lipi. Mtu akiuteka mfumo endeshi, ameiteka kompyuta nzima. Mifumo mingine, kama Windows, msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yake, umefungiwa na kampuni iliyoiunda, na watu wa nje hawauoni. Mingine ni huria: msimbo wake wote umewekwa wazi, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuubadili na kuusambaza. Mashuhuri kuliko yote katika kundi hili la pili ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya seva nyingi za intaneti, ndani ya vifaa vya kusambaza Wi-Fi, ndani ya televisheni, na ndani ya kila simu ya Android. Mwananchi wa Mbeya, Kisumu au Bukavu anayetuma pesa kwa simu ya Android anautegemea mfumo huu, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Swali ambalo watu huuliza kwanza ni hili: ikiwa msimbo uko wazi kwa kila mtu, mwizi naye si atausoma? Atausoma, tena bila kizuizi. Lakini jibu la swali hilo lilipatikana kabla kompyuta hazijakuwepo. Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Ufaransa, aliandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi. Aliweka kanuni kwamba usalama wa ujumbe usitegemee kuificha njia iliyotumika. Hata adui akiinasa njia yenyewe, ujumbe ubaki salama, mradi ufunguo haujamfikia. Wataalamu wanaishika kanuni hiyo mpaka leo. Ulinzi unaovunjika mara tu adui anapojua ulivyojengwa ni ulinzi dhaifu, kwa sababu siri ya ujenzi haidumu: wafanyakazi huhama, nyaraka huvuja, na programu iliyofungwa huweza kufumuliwa na mtu mwenye subira.

Kwa hiyo mfumo huria haupotezi kinga yake kwa kuwa wazi. Wala haupati kinga kwa kuwa wazi tu. Msimbo unaoweza kusomwa na wote lakini usiosomwa na yeyote hauna usalama kuuzidi ule uliofungiwa kabatini. Kinachoulinda ni kazi ya watu, na kazi hiyo ina sehemu nne: kuandika kumbukumbu sahihi ya kila badiliko, kukagua msimbo, kuweka mipaka ndani ya mfumo ili kosa moja lisiangushe kila kitu, na kuvifikisha viraka, yaani marekebisho ya kasoro, kwa mtumiaji kwa wakati.

Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimbo wa Linux una mamilioni ya mistari, na huandikwa na maelfu ya watu walioko nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Badiliko halimfikii Torvalds moja kwa moja. Mwandishi hulipeleka kwa msimamizi wa sehemu inayohusika, iwe ya mtandao, ya diski au ya kumbukumbu ya kompyuta. Msimamizi hulisoma, hulihoji, hulirudisha likarekebishwe, na akiridhika huliwekea jina lake. Ndipo hupanda ngazi. Kila badiliko hubaki na jina la aliyeliandika, sababu ya kuliandika, na majina ya walioliidhinisha.

Tangu mwaka 2005 kumbukumbu hiyo huandikwa kwa programu ya Git, ambayo Torvalds mwenyewe ndiye aliyeiunda. Git hulipa kila badiliko alama ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Mtu akichezea herufi moja katika msimbo wa miaka mitano iliyopita, alama zote zilizofuata hazitalingana tena, na nakala zilizo kwenye kompyuta za watu duniani kote zitaonyesha tofauti hiyo. Jambo hili lilionekana mwaka 2011, wavamizi walipoingia katika seva za kernel.org, ambako msimbo wa Linux hutunzwa. Seva hizo zilifungwa kwa wiki kadhaa, lakini hofu kwamba msimbo wenyewe ulichafuliwa ilikuwa na njia ya kupimwa, kwa kuwa nakala zilikuwa kila mahali na alama zake zilikuwa zinajulikana.

Kisa cha mwaka 2003 kinaonyesha vizuri zaidi thamani ya daftari. Wakati huo Git haikuwepo. Kumbukumbu kuu ya Linux ilitunzwa kwa programu nyingine, na nakala yake iliwekwa katika seva ya pili kwa ajili ya waliopendelea zana tofauti. Mnamo Novemba, mtu asiyejulikana alivamia seva hiyo ya pili na kupachika mistari miwili tu. Kwa haraka haraka, mistari hiyo ilionekana kuuliza swali la kawaida: ikiwa programu imeleta ombi la aina fulani, na ikiwa mtumiaji wake ni namba sifuri, basi ikataliwe. Katika Linux, mtumiaji namba sifuri ndiye mkuu wa mfumo, mwenye mamlaka juu ya kila faili. Ujanja ulikuwa katika alama moja. Kwa lugha ya C, inayotumika kuandika Linux, alama mbili za usawa huuliza kama vitu viwili vinalingana, lakini alama moja ya usawa hukipa kitu thamani mpya. Mvamizi aliweka moja. Kwa hiyo mistari ile, badala ya kuuliza kama mtumiaji ni namba sifuri, ilimfanya awe namba sifuri. Yeyote ambaye angejua ombi lile angegeuka mkuu wa mfumo papo hapo.

Alama hiyo ingeweza kuwapita wasomaji wengi. Kilichofichua hila ni daftari: badiliko lilikuwepo kwenye nakala, lakini kumbukumbu kuu haikuwa na rekodi ya mtu aliyelileta wala aliyeliidhinisha. Liliondolewa kabla halijaingia katika toleo lolote, na aliyelipachika hajafahamika mpaka leo.

Sehemu ya pili ni ukaguzi, kwa maana makosa ya nia njema ni mengi mno kuliko hila. Debian ni mkusanyo wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1993 na kutunzwa na watu wanaojitolea. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu yake. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alipata maonyo kutoka kwa zana ya kukagua programu. Maonyo hayo yalihusu OpenSSL, maktaba ya msimbo inayotengeneza funguo za siri. Ili kuyanyamazisha, aliondoa mistari michache iliyoonekana kutumia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyoandaliwa. Kumbe mmoja kati ya mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu, yaani kile kinachofanya ufunguo wa mtu mmoja usifanane na wa mwingine. Baada ya hapo, kitu pekee kilichotofautisha funguo kilikuwa namba ambayo Linux huipa kila programu inayoendeshwa, na namba hiyo kwa kawaida haizidi 32,768.

Matokeo yake ni kwamba funguo ambazo zilipaswa kuwa nyingi kupita hesabu zilibaki 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Mtu angeweza kuzitengeneza zote, kuziweka kwenye diski, kisha kuzijaribu moja baada ya nyingine mpaka mlango ufunguke. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 13 Mei 2008, Debian ilipotoa tangazo la tahadhari. Kiraka peke yake hakikutosha. Kila ufunguo uliotengenezwa katika kipindi hicho kwenye Debian, Ubuntu na mifumo mingine iliyotokana nazo ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya. Katika muda wote huo badiliko lile lilikuwa wazi, na yeyote mwenye intaneti angeweza kulisoma.

Miaka sita baadaye OpenSSL hiyo hiyo ilileta kishindo kikubwa zaidi, safari hii kwa kosa la waandishi wake wenyewe. Kasoro iliyotangazwa Aprili 2014 na kupewa jina la Heartbleed ilikuwa katika huduma ndogo inayoziwezesha kompyuta mbili kuhakikisha kwamba bado zimeunganishwa. Kompyuta moja hutuma neno na kutaja urefu wake, na nyingine hulirudisha neno hilo hilo. Msimbo uliamini urefu uliotajwa bila kuupima. Mtu akituma herufi moja na kudai kwamba ametuma kilobaiti 64, seva ilimrudishia herufi yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu: nywila za watu wengine, barua zao, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Tena shambulio hilo halikuacha alama katika rekodi za kawaida za seva. Kosa hilo lilikuwa limekaa katika matoleo rasmi tangu Machi 2012. Nchini Kanada, mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 ziliibwa kupitia mwanya huo.

Kilichowashtua wengi zaidi ni hali ya watunzaji. OpenSSL ilikuwa ikilinda mabenki, maduka ya mtandaoni na ofisi za serikali ulimwenguni, lakini michango ya hiari iliyopokelewa ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu aliyefanya kazi hiyo muda wote alikuwa mmoja tu. Makampuni makubwa yalikuwa yakiitumia bure na kudhani kwamba kuna mwingine anayeikagua. Baada ya Heartbleed, kadhaa kati yake yalikubali kuchangia fedha kupitia taasisi ya Linux Foundation. Watunzaji wa mfumo mwingine huria, OpenBSD, walichukua njia yao: walinakili msimbo wa OpenSSL, wakaanza kuusafisha, na katika wiki ya kwanza wakaondoa zaidi ya mistari 90,000. Toleo lao linaitwa LibreSSL.

OpenBSD ni mfano bora wa mfumo huria uliotanguliza usalama. Ulianzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, anayeishi Calgary nchini Kanada. Tangu mwaka 1996 kundi dogo la wakaguzi limekuwa likipitia msimbo wake faili kwa faili. Wakikuta kosa la aina fulani mahali pamoja, hawaishii kulirekebisha hapo. Huutafuta mfano wake katika msimbo wote, kwa kuwa mtu aliyekosea mara moja huenda amekosea vivyo hivyo kwingine, na aliyejifunza kwake pia. Kutoka kwa kundi hili ilizaliwa OpenSSH mwaka 1999, programu ambayo wasimamizi wa seva duniani kote huitumia kuingia katika mitambo yao wakiwa mbali.

Siku hizi mashine nazo zimepewa kazi ya ukaguzi. Kuna programu zinazoulisha mfumo data iliyovurugwa makusudi, usiku na mchana, kuona ni wapi utaanguka. Mradi wa Google uitwao OSS-Fuzz ulianza mwaka 2016 kuzifanyia programu huria majaribio hayo bila malipo, na mwenzake syzkaller, unaokipima kiini cha Linux, umefichua maelfu ya kasoro. Vilevile, mwishoni mwa mwaka 2022 Linux ilianza kupokea msimbo ulioandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huyakataa makosa mengi ya kumbukumbu hata kabla programu haijaanza kutumika. Makosa ya namna ya Heartbleed, ambapo programu husoma kisicho chake, nayo huzuiwa, ingawa ni wakati programu inapoendeshwa.

Sehemu ya tatu ni mipaka. Hakuna ukaguzi unaomaliza makosa yote, kwa hiyo mfumo mzuri hujengwa kwa kukubali kwamba siku moja programu fulani itatekwa. Mpangilio wake hufanana na nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi: kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake tu, na mwizi aliyemwibia mmoja hajapata njia ya kuingia kwa wengine. Katika Linux, programu ya kuhudumia tovuti huendeshwa na mtumiaji wake maalumu, na hifadhidata huendeshwa na mwingine. Katika Android, kila programu inayopakuliwa hupewa namba yake ya mtumiaji, ndiyo maana mchezo wa watoto hauwezi kufungua faili za programu ya benki iliyomo katika simu hiyo hiyo.

Juu ya hayo kuna tabaka jingine. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa SELinux mwishoni mwa mwaka 2000 kama msimbo huria, na mwaka 2003 ikaingizwa katika kiini cha Linux. Kwa SELinux, hata programu yenye mamlaka ya mkuu wa mfumo hubanwa na sheria zinazosema ni faili zipi iguse na ni huduma zipi iwasiliane nazo. OpenBSD nayo ina utaratibu uitwao pledge: programu ikishaanza, hutangaza yale tu inayokusudia kufanya, na ikijaribu lolote nje ya hayo, mfumo huiua papo hapo. Utaratibu mwingine wa OpenBSD, uliotangulia tangu mwaka 2003, unazuia sehemu moja ya kumbukumbu isiwe ya kuandikiwa na ya kutekelezwa kwa wakati mmoja, ili mvamizi asiweze kumwaga maagizo yake humo kisha akayaendesha.

Mipaka inahitajika pia njiani, kati ya watunzaji na kompyuta ya mtumiaji. Debian na Ubuntu husambaza programu kupitia maghala yenye nakala nyingi duniani, mengine yakiwa katika vyuo vikuu. Msimamizi wa nakala hizo haaminiwi kwa jina lake. Orodha kuu ya ghala hutiwa sahihi ya kidijitali na watunzaji. Ndani ya orodha hiyo kuna alama ya kila orodha ndogo, na ndani ya kila orodha ndogo kuna alama ya kila programu. Kompyuta huikagua sahihi kwa ufunguo uliokuja nayo tangu mfumo uliposakinishwa, kisha huzikagua alama moja moja kabla ya kusakinisha chochote. Nakala ikichafuliwa njiani, alama hazitalingana na usakinishaji utakataliwa. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anayechukua programu kutoka ghala rasmi ana kinga kubwa kuliko anayepakua kutoka tovuti ya kubahatisha.

Hata hivyo, sahihi humlinda mtu dhidi ya mgeni aliyeingia njiani. Haimlindi dhidi ya mwenyeji aliyegeuka. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwaka 2024 ulimwengu wa Linux ulikishuhudia. Ipo maktaba ndogo iitwayo xz inayotumika kubana data. Ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, kwa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta michango mizuri. Akaunti nyingine zisizojulikana zikamshinikiza mtunzaji kwamba kazi inachelewa na inafaa apate msaidizi. Mtunzaji, ambaye alikuwa ameeleza kwamba hali ya afya yake ya akili inampunguzia uwezo wa kazi, alimpa Jia Tan madaraka hatua kwa hatua. Februari 2024 Jia Tan alitoa toleo 5.6.0, na mwezi uliofuata toleo 5.6.1. Yote mawili yalikuwa na mlango wa nyuma.

Namna ulivyofichwa inafaa kuangaliwa kwa makini. Msimbo wa hila ulikuwa umefumbwa ndani ya mafaili ya majaribio, mafaili ambayo kwa kawaida huwa na data iliyovurugika, hivyo hakuna anayeyasoma. Agizo la kuufumbua na kuupachika katika maktaba halikuwemo katika kumbukumbu ya Git. Liliongezwa tu katika kifurushi kilichotolewa kwa wasambazaji. Aliyesoma daftari hakuliona. Aliyepakua kifurushi alilipata. Maktaba ikishajengwa hivyo, iliingia ndani ya OpenSSH katika baadhi ya mifumo ya Linux, na mwenye ufunguo maalumu angeweza kuendesha amri zake katika seva yoyote iliyoambukizwa.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya programu zake akaona kwamba kuingia kwa njia ya OpenSSH kunatumia nguvu nyingi za kompyuta na kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Aliifuata dalili hiyo mpaka akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Kasoro hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Matoleo hayo mawili ya xz yalikuwa yameshafika katika matawi ya majaribio ya Debian na ya Fedora, mkusanyo mwingine wa Linux, lakini hayakuwa yameingia katika matoleo imara yanayotumika katika seva za watu wengi.

Kisa cha xz kinaweza kuelezwa kwa njia mbili, na zote ni za kweli. Uwazi ulimruhusu mtu asiyejulikana kupewa funguo za nyumba. Uwazi huo huo ndio uliomwezesha mhandisi asiyehusika na xz kufungua msimbo wake, kuufuatilia na kuthibitisha hila bila kumwomba mtu ruhusa. Katika programu iliyofungwa, nusu sekunde ile ingeishia kuwa lalamiko.

Ipo pia kinga inayojengwa dhidi ya hila inayoingia wakati msimbo unageuzwa kuwa programu. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alionya katika hotuba yake ya mwaka 1984 kwamba kusoma msimbo hakutoshi ikiwa zana inayougeuza kuwa programu yenyewe imechafuliwa. Tangu mwaka 2013 Debian imekuwa ikifanyia kazi jibu mojawapo: ujenzi unaorudiwa. Watu wasiotegemeana huchukua msimbo ule ule, kila mmoja huujenga kwenye kompyuta yake, kisha matokeo hulinganishwa biti kwa biti. Yakitofautiana, huenda kuna mkono ulioingia baada ya msimbo kuandikwa, na hapo uchunguzi huanza.

Sehemu ya nne na ya mwisho ni viraka. Mtu mwema akigundua kasoro, kwa kawaida huwaarifu watunzaji kwa siri kwanza. Wasambazaji wa Linux wana utaratibu wa kupeana taarifa hizo na kuandaa viraka pamoja, na usiri huo hauruhusiwi kupita siku 14. Siku ikifika, kasoro hutangazwa kwa namba yake ya utambulisho, na kiraka hutolewa. Kuanzia saa hiyo mbio huanza, kwa kuwa kiraka chenyewe humwonyesha mvamizi tundu lilipo. Msimamizi anayekiweka siku hiyo amelifunga. Anayekiahirisha miezi miwili amewaachia wezi ramani na muda.

Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ililipa gharama ya kuchelewa. Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti, walitangaza kasoro kubwa pamoja na kiraka chake. Equifax haikukiweka katika mtambo mmojawapo. Kuanzia Mei wavamizi walipita hapo, na taarifa za Wamarekani wapatao milioni 147 zikaibwa. Watunzaji walikuwa wamefanya kazi yao. Mwenye seva ndiye ambaye hakufanya yake.

Umri wa mfumo nao una mwisho. Toleo la Ubuntu la muda mrefu hupewa masasisho ya kawaida ya usalama kwa miaka mitano. CentOS 7, iliyotumika sana katika seva za maofisi, ilifikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Seva iliyobaki na mfumo kama huo huendelea kuwaka na kufanya kazi vizuri kwa macho, huku kila kasoro mpya ikibaki bila dawa.

Kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, tatizo la viraka linaonekana zaidi katika simu. Google hutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi tangu Agosti 2015. Lakini kiraka kinasafiri kutoka kwa Google na waandishi wa Linux, kinapita kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa kampuni ya simu yenyewe, ndipo kimfikie mnunuzi. Kampuni ikiacha kuishughulikia simu ya aina fulani, safari inaishia hapo. Simu nyingi za bei nafuu, na nyingi zinazouzwa zikiwa zimekwishatumika, ziko katika hali hiyo. Tarehe ya kiraka cha mwisho huonekana katika mipangilio ya simu, na ikiwa ni ya miaka miwili au mitatu iliyopita, simu hiyo haifai kubeba akiba ya mtu.

Vifaa vidogo visisahauliwe. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera za usalama na vifaa vya intaneti vyenye Linux kwa maelfu mengi. Haikuhitaji kasoro yoyote katika msimbo. Ilijaribu tu orodha ya nywila zipatazo sitini ambazo viwanda huziweka na wanunuzi hawazibadili. Jeshi hilo la vifaa lilitumika Oktoba mwaka huo kuilemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikihudumia anwani za tovuti, na tovuti nyingi kubwa zikakosekana hewani kwa saa kadhaa.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila mmoja unajulikana. Mwenye simu au kompyuta aruhusu masasisho yajiweke yenyewe, achukue programu kutoka maghala rasmi, na abadili nywila ya kiwandani siku ile ile anaponunua kifaa. Msimamizi wa seva za shule, hospitali au halmashauri awe na orodha ya mifumo yote aliyonayo na tarehe ya mwisho ya kila mmoja, na afuatilie tahadhari zinazotolewa na vituo vya kitaifa, TZ-CERT kwa Tanzania na KE-CIRT kwa Kenya. Taasisi inayojenga kazi zake juu ya programu huria itenge fungu la kuwasaidia wanaoitunza, kwa fedha au kwa saa za wahandisi wake; OpenSSL na xz zimeonyesha kinachotokea mzigo wa dunia ukimwelemea mtu mmoja. Na vijana wanaosoma kompyuta kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala waufungue msimbo huo na kuusoma, kwa maana umeachwa wazi kwa ajili yao pia. Mfumo huria hauna mlinzi mwingine zaidi ya wale wanaoutumia.